Rambirambi za Aliye Hai

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, ukoo mzima wa Kavoi ulikuwa ukimlilia Ndinda. Ndinda mwenyewe alikuwa maktabani, ghorofa ya tatu ya chuo kikuu, akihakiki marejeleo ya tasnifu yake ya uzamili. Simu alikuwa ameizima tangu alfajiri. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha chumbani kwake Kawangware, na betri iliyobaki aliihifadhi kwa ajili ya jioni, kama alivyohifadhi kila kitu maishani mwake: unga, sabuni, nauli, na maneno.

Alipoiwasha saa sita na nusu, ilitetemeka mkononi bila kukoma. Watu walikuwa wamempigia mara arobaini na tatu. Mama yake peke yake alikuwa amepiga mara kumi na tisa.

Akafungua kundi la kwanza lililojitokeza kwenye kioo. Lilikuwa kundi la WhatsApp ambalo hakuna mtu wa familia aliyependa kuliona likijitokeza. Kwa miaka yote lilikuwa likiitwa Kamati ya Mazishi, Ukoo wa Kavoi. Lilikuwa na watu sabini na wawili. Halikuwa na salamu za asubuhi wala vichekesho. Lilinyamaza miezi na miezi, na picha yake ilibadilishwa kwa sababu moja tu. Mwaka uliopita ilikuwa picha ya mjomba wake, Mzee Muia. Sasa ilikuwa picha ya Ndinda, amevaa joho la shahada ya kwanza, anacheka meno yote nje.

Chini ya picha, mstari mmoja mwembamba ulisema: Opondo amebadilisha picha ya kundi.

Ndinda aliusoma mara tatu. Kisha akasoma ujumbe wa shangazi yake, Mwongeli: "Mungu wangu, mtoto mdogo hivi! Niambieni ni uongo." Kisha akaona michango. Watu walikuwa wakituma rambirambi tangu saa tatu.

Akampigia mama yake, akamwita kwa Kikamba.

"Mwaitu."

Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya basi na kilio cha mtu.

"Mwaitu, ni mimi."

"Sema tena."

"Ni mimi, Ndinda. Niko mzima."

"Sema kitu ambacho mwingine hakijui."

Ndinda alifikiri. "Nilipovunja redio ya baba, ulisema ni paka. Hatukuwa na paka."

Mama yake akaangua kilio kikubwa kuliko cha kwanza. Abiria mmoja akasikika akimpa pole.

"Niko Mlolongo," mama alisema alipopata pumzi. "Binamu yako Kyalo atanipokea mjini na teksi yake. Ninakuja nikuguse kwa mikono yangu."

"Mwaitu, rudi nyumbani. Nauli hiyo..."

"Nauli! Mtu amefufuka, na neno lake la kwanza ni nauli! Uko wapi?"

"Ninaenda Soko la Toi. Kuna mtu ninataka kumwua."

"Nani?"

"Aliyeniua."

*

Opondo aliuza viatu vya mtumba pembezoni mwa soko, upande unaotazama Kibera. Aliviosha, akavijaza magazeti ili vikauke na umbo lake, akavipanga kwa ukubwa kama wanafunzi gwarideni. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyonukia rangi ya viatu hata siku ya Jumapili. Ndinda alikuwa amempenda kwa mwaka mmoja na miezi sita. Alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa pupa. Leo, akipita katikati ya marundo ya nguo kwa hatua ndefu, hakukumbuka sababu hiyo wala nyingine yoyote.

Audrey, aliyeuza magauni kwenye kibanda cha jirani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Opondo! Marehemu amefika. Mtafutie viatu vya kuingilia mbinguni, saizi thelathini na nane."

Opondo akainuka. Simu ilikuwa mkononi mwake na macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Ndinda kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehesabu kama vyote vimerudi.

"Ndinda, aki ya Mungu..."

"Usimtaje Mungu. Alidhani nimefika kwake leo asubuhi, akashangaa haonekani mtu. Nieleze."

"Bando iliisha."

"Nini?"

"Nilinunua bando ya intaneti ya shilingi ishirini, ile ya saa moja. Nikabadilisha picha. Nikaanza kuandika jina jipya la kundi, Karo ya Ndinda. Bando ikakatika. Halafu mteja akaja, anataka jozi sita za watoto wa shule. Nikasema nitamalizia baadaye."

"Baadaye!"

"Nilipounga tena saa sita, nikakuta watu wanalia. Nikabadilisha jina hapo hapo. Nikaandika kwamba uko hai."

"Uliandika 'Samahani kwa usumbufu.' Nimesoma. Nimefufuka kwa usumbufu!" Sauti yake ilipanda, na mwanamke aliyekuwa akijaribu ndala akaziweka chini taratibu. "Opondo, makundi yote duniani, ukachagua la mazishi?"

"Mimi ni mweka hazina wake. Ninyi wenyewe ndio mlinichagua."

Hilo lilikuwa kweli. Wakati wa msiba wa Mzee Muia, wanaume wa ukoo waligombania nani ashike pesa mpaka wakakaribia kushikana mashati. Mwishowe wakamkabidhi Opondo, rafiki wa Ndinda aliyekuja kusaidia kupakia viti. Yeye ni Mjaluo, walisema, hana upande.

"Na tena," Opondo aliendelea kwa sauti ya chini, "ndilo kundi la pekee la familia yenu ambamo watu hutoa bila kusukumwa."

Audrey akaficha uso wake ndani ya gauni alilokuwa akilikunja.

Ndinda hakucheka. Siku mbili zilizopita, wakiwa wameketi kwenye mkeka chumbani kwake, alikuwa amemwambia Opondo jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alidaiwa karo shilingi elfu themanini na sita. Asipolipa kabla ya Ijumaa ya juma lililofuata, hangeruhusiwa kutetea tasnifu, na angesubiri mwaka mwingine mzima. Alimwambia akiwa ameegemeza kichwa begani mwake. Alidhani bega halisemi.

"Nilikuambia wewe," alisema. "Sikuwaambia watu sabini na wawili."

"Umekonda, Ndinda. Unatembea kutoka Kawangware hadi chuo na kurudi. Unachemsha maharagwe mara mbili kwa juma, unayala hayo hayo siku saba. Jumamosi unafundisha watoto wa watu kule Riruta, na pesa yote inaishia kwa kodi ya nyumba. Ulitaka nikutazame tu?"

"Nilitaka uniulize!"

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Basi ningekataa! Ndiyo maana ya kuuliza! Unadhani sijui nimekonda? Kila shilingi yangu nimeipangia kazi kabla haijafika. Najua kiberiti kikiisha siku tatu kabla ya mwezi kwisha, kitu gani kitakosekana. Ninaishi hivyo ili jambo moja libaki mkononi mwangu, kwamba hakuna mtu anayenihurumia. Ulilichukua hilo kwa bando ya shilingi ishirini."

Opondo akatazama chini. Alishika kiatu kimoja, akakipangusa, akakirudisha pale pale.

"Zimeingia pesa," alisema.

"Sitaki kujua."

"Elfu hamsini na mbili na mia tatu."

Ndinda alitaka kuendelea na hasira yake, lakini idadi ile ilimsimamisha. "Lini?"

"Kati ya saa tatu na saa sita. Kabla sijabadilisha jina."

"Na baada ya kubadilisha?"

Akampa simu.

Ndinda alipitia majina. Shangazi Mwongeli, elfu mbili. Binamu Kyalo, elfu moja na mia tano. Watu ambao hakuwaona tangu utotoni walikuwa wametuma elfu, elfu, mia tano. Kisha akafika kwa kaka yake, Musembi, anayefanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos. Elfu kumi. Mwezi wa Januari alikuwa amemwomba Musembi shilingi elfu tatu za kwenda kukusanya data. Alijibiwa kwa maneno manne: "Hali ngumu, dada. Pole."

Baada ya saa sita, chini ya jina jipya la kundi, hakuna aliyekuwa ametuma hata shilingi.

"Kaka yangu amenipa elfu kumi," alisema polepole. "Ilibidi nife kwanza."

Alirudisha simu. Opondo akanyoosha mkono kumshika kiwiko, naye akarudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo moja ilimwuma Opondo kuliko kelele zote. Ndinda aliona, lakini hakurudi alipokuwa.

*

Teksi ya Kyalo ilisimama barabarani, na mama yake Ndinda akashuka kabla haijazimwa. Alikuwa amevaa nguo ya msibani, na leso yake ilikuwa imefungwa tumboni kama ya mtu aliyejiandaa kugaragara. Hakumsalimu mtu. Alimshika Ndinda uso, akashuka mabegani, akashuka mikononi, akibonyeza kila mahali kama anayechagua mahindi sokoni.

"Yuko hai," aliwatangazia watu wa viatu na wa magauni. Kisha akashika kigasha cha binti yake kwa vidole viwili, na vidole hivyo vikakutana. "Lakini si sana."

"Mwaitu..."

"Chuo hakiwapi chakula? Na ule ufadhili?"

Audrey alimletea kiti cha plastiki. Mama akakaa. Ndinda alibaki wima. Alitazama kila upande na hakuona pa kukimbilia.

"Ufadhili ulikuwa wa mwaka wa kwanza tu, Mwaitu. Uliisha. Ni mwaka na nusu sasa."

"Uliisha. Na kila Jumapili nikikupigia unasema, 'Niko sawa, chuo kinalipa.'"

"Ningekuambia, ungeuza ng'ombe."

"Ningemuuza, ndiyo."

"Ndiyo sababu sikukuambia. Ni mmoja tu uliyebaki naye."

"Ng'ombe ni wa nani?"

Ndinda alitazama viatu vilivyopangwa.

"Ninauliza. Ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi kwa nini wewe ndiye uliyeamua kwamba hauzwi? Ungeniuliza. Labda ningekataa! Labda ningesema ninampenda ng'ombe wangu kuliko digrii yako ya pili. Lakini hukunipa hata nafasi ya kukataa."

Ndinda alihisi uso ukimwaka. Maneno yale aliyafahamu vizuri. Hayakuwa yamepoa kinywani mwake. Hakuthubutu kumtazama Opondo, na Opondo, kwa busara yake, alikuwa anafunga kamba za kiatu kisichokuwa na mguu ndani.

Mama akamgeukia.

"Wewe ndiwe mweka hazina."

Opondo akasimama wima. "Ndiyo, Mama. Naomba msamaha. Sina neno la kujitetea."

"Kijana, nililia kutoka Machakos mpaka Mlolongo. Pale Mlolongo nikasikia sauti yake. Sikuacha kulia, nilibadilisha sababu tu." Alikaza leso yake tumboni. "Musembi amekasirika. Anasema mwanamume ambaye hajaleta kwetu hata mbuzi mmoja amesimama kuomba pesa kwa jina la binti yetu. Unajua kwetu posa huanza na mbuzi watatu? Kabla ya hao, wewe kwetu ni mpita njia."

"Ninajua, Mama. Ndinda aliniambia."

"Na kwenu Wajaluo huanza na nini?"

"Ng'ombe, Mama."

"Na uko naye?"

"Bado sijafika kwa mbuzi, Mama."

Audrey hakuweza kuvumilia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Hata mama alilazimika kutazama pembeni kidogo.

Simu yake ikalia. Alikuwa Musembi. Mama, ambaye hakuamini simu isiyosikika na wote, akaweka spika.

"Mama, umefika? Umemwona?"

"Niko naye hapa. Anapumua."

"Namshukuru Mungu. Kweli namshukuru." Sauti ya Musembi ilikwama, ikaendelea. "Sasa huyo Mjaluo atoke kwenye kundi leo. Na nirudishiwe elfu kumi yangu."

"Musembi!" mama alifoka. "Dada yako amerudi kutoka kwa wafu, nawe unadai?"

"Mama, sikuwa na pesa! Niliikopa kwa tajiri wangu saa tatu na nusu, nikilia mbele ya wateja. Ninakatwa mshahara kuanzia mwisho wa mwezi. Ningemzika dada yangu kwa mikono mitupu?"

Ndinda aliichukua simu mkononi mwa mama yake.

"Musembi, ni mimi."

"Ndinda." Akavuta kamasi. "Usinifanyie hivi tena."

"Utarudishiwa leo. Na asante kwa kunizika vizuri."

"Mjinga wewe," kaka yake alisema, na wote wawili wakakata simu haraka.

Ndinda akamnyooshea Opondo mkono, kiganja juu.

"Leta simu yako. Lile kundi."

Opondo akaifungua na kumpa. Ndinda alibonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Hakuwa ameandaa hotuba. Mtu aliyezoea kupima kila neno alilazimika kutoa mengi kwa mkupuo.

"Hamjambo. Ni mimi, Ndinda, binti wa Kavoi. Niko hai, niko Soko la Toi, na mama yangu amethibitisha. Ninaomba radhi kwa machozi yenu. Sasa nisikilizeni, kwa sababu sitasema mara mbili. Sina ufadhili. Uliisha zamani, nami nikaficha. Ninadaiwa karo elfu themanini na sita. Mlituma pesa mkidhani nimekufa. Anayetaka pesa yake irudi, aandike hapa, atatumiwa leo, na sitamweka moyoni. Anayetaka ibaki, ajue inabaki kwa mtu aliye hai, ambaye ataendelea kuwasumbua kwa miaka mingi. Ni hayo tu."

Aliachilia kitufe. Ujumbe ukaenda. Alihisi kama mtu aliyefua nguo zake zote hadharani, pamoja na za ndani.

Mama akainuka kutoka kitini. Alimtazama binti yake, akamtazama mwuza viatu, kisha akamwambia Audrey kwa sauti ya juu kupita kiasi, "Hebu nionyeshe gauni lisilo la msiba."

Wakabaki wawili kati ya viatu.

Opondo hakumkaribia. Alisimama upande wake wa benchi, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alionekana mfupi.

"Tumeachana?" aliuliza.

"Sijui." Lilikuwa jibu la kweli, na ukweli wake ulimchosha. "Nina hasira na wewe. Nina hasira na Musembi, na chuo, na bei ya makaa. Sasa nina hasira na mimi mwenyewe pia. Imekuwa nyingi, hata sijui ni ipi ya nani."

"Naomba kukuuliza jambo."

Ndinda alimtazama usoni. "Uliza."

"Nifanye nini?"

Swali lilikuwa dogo. Angelisikia juzi, kwenye mkeka, lisingekuwa na kazi kubwa hivi. Alifikiri, kwa sababu mtu akiulizwa vizuri hujibu vizuri.

"Kaa hapa. Wanaotaka pesa zao wataanza kuandika. Utanisomea majina, nami nitatuma. Ada ya kutuma ni juu yako."

"Ni juu yangu."

"Na usinifariji."

"Sitakufariji."

Wakaketi kwenye benchi, simu katikati yao. Musembi alikuwa wa kwanza kurudishiwa. Kisha majina yakaja moja baada ya jingine. Wekulo, mume wa binamu yake, alitaka nusu. Mjomba mmoja alitaka zote, pamoja na nauli ya boda aliyopanda kwenda kwa wakala kutuma. Opondo alisoma kwa sauti tulivu bila kuongeza neno. Mara mbili Ndinda aliuma midomo. Mara moja akalia kidogo, bila kusimamisha kazi, na Opondo akasoma jina lililofuata kama alivyoagizwa, ingawa sauti yake ilikuwa imepasuka.

Lakini wengine waliandika tofauti. Shangazi Mwongeli alisema, "Zangu zibaki. Nilitoa kwa ajili ya Ndinda, na Ndinda yupo." Mzee mmoja wa kanisa alisema amezeeka mno kudai pesa ya furaha. Kyalo, aliyekuwa amelala ndani ya teksi yake hatua chache kutoka pale, alituma kikaragosi cha dole gumba.

Jua lilipoanza kulalia mabati ya Kibera, hakuna jina jipya lililokuja. Ndinda alitazama salio. Elfu ishirini na tatu na mia nane.

"Haitoshi," alisema.

"Haitoshi," Opondo aliitikia.

Ndinda alimwona akifungua kinywa. Alijua kilichokuwa kikija: atauza viatu vyote, atakopa, atamwomba fulani, ataanzisha kundi jingine. Aliona maneno yakifika hadi kwenye meno. Kisha Opondo akafunga kinywa, akaweka mikono juu ya magoti, akangoja.

Wateja wawili walipita, wakauliza bei, na Opondo akawajibu kwa vidole. Hakumharakisha.

Ndinda alisogea kwenye benchi mpaka kiwiko chake kikagusa cha Opondo.

"Bado nina hasira," alisema.

"Ninajua."

"Basi nenda ukamwite mama. Mwambie nina jambo la kumwomba, kuhusu ng'ombe wake."